Miwani inaingiza maji

SWALI: Mwanangu wa miaka 8 anaogelea vizuri. Namfundisha kutazama samaki kwa miwani na mrija hapa Mikindani, lakini miwani inaingiza maji, anashtuka. Nifanyeje?
Mama, Mikindani

JIBU: Mama, muwekee miwani usoni bila mkanda, avute pumzi kwa pua. Ikidondoka, haimkai. Ikishika, kagua ukingo wa mpira: hata unywele mmoja chini yake hupitisha maji. Mrija usizidi sentimita 35, tena mwembamba wa kitoto, la sivyo atavuta tena hewa aliyoitoa. Aanze amesimama, maji ya kiuno, uso ndani, apumue polepole, kisha ajifunze kupuliza “tuu!” kwa nguvu kutoa maji mrijani. Ngojeeni maji mafu, siku bahari inapojaa na kupwa kidogo; bamvua, inapojaa na kupwa sana, lina mkondo mkali, na mkono wako umfikie muda wote.