Kuchomelea titani kwa leza: shughulika na argoni kwanza

Mkuu wa Moshi, umeuliza kama mashine yako mpya ya leza ya mkononi, ya wati 1,500, itaweza fremu ya baiskeli ya titani ya mteja iliyopasuka karibu na kiti. Umesema pia muuzaji amekuhakikishia kuwa gesi ya naitrojeni inatosha. Nguvu ya mashine inatosha kabisa kwa bomba jembamba kama hilo. Naitrojeni usiiguse; gesi ya kazi hii ni argoni, isiyochangamana na titani hata ikiwa na moto.

Kazi hii nilijifunza Ujerumani kwenye vipuri vya ndege, na sasa niko na karakana yangu Unga Limited, Arusha. Naitrojeni inafaa kwenye stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu. Titani ikipita nyuzi joto 400 hivi huanza kufyonza oksijeni na naitrojeni, na haidrojeni huingia hata kabla ya hapo. Oksijeni na naitrojeni zikishaingia hazitoki. Mshono unakuwa mgumu halafu unakatika kama kigae, tena mara nyingi mteja akiwa njiani. Hilo ndilo linalonifanya niandike kwa urefu.

Tatizo la bunduki za leza za mkononi ni kwamba gesi yake inafunika pale mwale unapopiga tu. Ukisogea mbele, mshono ulioacha nyuma bado una moto na uko wazi. Kwa hiyo lazima utengeneze kiatu cha kufuata nyuma ya nozeli (mdomo wa bunduki), kiendelee kufunika mshono kwa gesi. Changu nimekikunja kwa bati la stenlesi kufuata umbo la bomba, ndani nimejaza pamba ya stenlesi ili argoni itoke taratibu bila kuvuta hewa ya nje. Argoni iwe ya usafi wa asilimia 99.999. Ndani ya bomba nako jaza argoni, ifukuze hewa yote kabla hujawasha, na usiifunge mpaka mshono upoe. Mafundi wengi hulinda juu wakasahau ndani, na ndani ndiko ufa mpya unakoanzia. Angalia na mpira wa gesi: ule wa kawaida hupitisha unyevu, na masika ya huku kwetu unyevu huo unakuwa vitundu ndani ya mshono. Uache upitishe gesi kidogo kabla ya kuanza.

Usafi ni kwa asetoni, kitambaa kisichotoa nyuzi na glavu safi. Brashi iwe ya stenlesi, mpya, isiyowahi kugusa chuma kingine.

Leza yenyewe inaipenda titani. Titani haipitishi joto haraka, na mwale wa mashine hizi, wenye urefu wa wimbi wa mikroni 1.07, huufyonza vizuri kuliko alumini, kwa hiyo unapata mshono mwembamba na eneo dogo lililoathirika na joto. Ila mwale ni mwembamba mno, hausamehi pengo. Vipande vikae vimegusana. Na usipitishe leza juu ya ufa ukadhani umemaliza. Toboa mwisho wa ufa, ondoa sehemu yote iliyochoka, kisha weka kiraka cha aloi (mchanganyiko wa metali) ileile. Fremu nyingi ni titani yenye alumini asilimia 3 na vanadi 2.5, ile ya alumini 6 na vanadi 4 ya kwenye ndege ni ngumu zaidi, usizichanganye kwa kubahatisha.

Rangi itakuambia mengi. Fedha inayong'aa ni salama, manjano hafifu inakubalika kwa kazi nyingi. Ukiona bluu, zambarau au kijivu, kata urudie. Kupiga msasa mpaka ing'ae ni kumdanganya mteja, maana uchafu umeshaingia chini. Na hata fedha haitoshi kama ushahidi: chomelea kipande cha majaribio cha unene uleule, kibane kwenye jiriwa, ukipinde.

Miwani iwe ya kuzuia mwale wa mikroni 1.07 hasa, si kioo cha kuchomelea cha kawaida. Mwale huo hauonekani, na ukiakisi unaharibu jicho kabla hujahisi. Vumbi la titani likishika moto, mchanga mkavu, kamwe si maji.

Kuna mchangiaji juu amependekeza tuchomelee pia sahani za titani zinazofungwa kwenye mifupa ya wagonjwa, zikivunjika. Hapana. Hizo hubadilishwa na daktari, hazitengenezwi karakanani.

Ukishapinda kipande chako weka picha hapa, upande wa nje na wa ndani, nitakuambia ninachokiona kabla hujagusa fremu ya mtu.