Baba hataki kushuka kwenye ngazi

SWALI: Shikamoo Shangazi. Baba ana miaka 79, mama 75, na wanaishi wawili tu kwenye nyumba yenye bustani kubwa. Majani yameanza kupukutika na baridi iko njiani. Kila mwaka baba hupanda ngazi kuzoa majani kwenye mifereji ya paa. Safari hii nimemkataza, na tangu hapo ananijibu kwa mkato. Mama naye magoti yanamsumbua. Nina siku mbili za kwenda kuwasaidia. Nianzie wapi? – Binti yao

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema kumkataza, ila umemnyang'anya kazi bila kumpa nyingine, na mwanamume aliyeitunza nyumba yake miaka yote hiyo lazima aumie. Mifereji haina budi kusafishwa, kwani ikiziba maji hufurika na kulowesha kuta. Mtafutie fundi, aje majani yakishakwisha kuanguka, na baba ndiye amwonyeshe ni kona gani huziba kwanza. Anaijua kuliko nyote.

Wewe siku ya kwanza usiguse bustani. Pita wanapopita wao: kutoka kitandani hadi chooni usiku, kutoka mlangoni hadi getini, hadi kwenye pipa la taka. Hapo ndipo wazee huangukia, na nyonga ikivunjika katika umri huo, wengi hawarudi kutembea kama zamani. Majani yaliyolowa juu ya sakafu ya mawe huteleza vibaya, kwa hiyo fagia njia na usugue ukoga wa kijani. Kwenye vidato vya mlangoni funga reli ya kushikia pande zote mbili, kwa sababu goti linalouma wakati wa kupanda huenda silo linalouma wakati wa kushuka. Ukingo wa kila kidato upake rangi nyeupe. Jicho la mzee huhitaji mwanga mwingi zaidi, na sasa jua linawahi kuzama, basi weka nje taa inayowaka yenyewe mtu akipita. Vizulia vidogo vya korido viondoe, hata kama mama anavipenda.

Kisha joto. Shirika la Afya Duniani linashauri nyumba isiwe chini ya nyuzi 18 wakati wa baridi, na kwa wazee ni vizuri ipande zaidi kidogo. Mwili wa mzee huchelewa kuhisi baridi, hivyo usiridhike na "sisi tuko sawa". Tundika kipimajoto sebuleni na kingine chumbani. Kama wanatumia jiko la kuni au hita ya gesi, dohani na mitambo ikaguliwe kabla ya kuwashwa. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na huua watu usingizini. Weka king'ora chake, ujaribu na kile cha moshi, na uhakikishe wote wawili wanakisikia wakiwa wamelala.

Bustani ni ya siku ya pili, na haihitaji usafi mnaoudhania. Majani yaondoe njiani na kwenye nyasi, uyamwage chini ya vichaka yawe matandazo. Mashina makavu ya maua yaacheni yasimame: ndege hula mbegu zake, wadudu hujificha humo, na mama hapigi magoti. Lisiloahirishwa ni maji. Funga koki ya ndani inayolisha bomba la nje, fungua la nje limwage yaliyobaki, kisha kung'uta mpira na uuweke stoo. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9, na bomba hupasuka.

Baba mpe vitunguu saumu, kwani huu ndio msimu wake. Mama akae mezani akichambua punje, yeye azipande kwenye tuta lililoinuliwa, ncha juu, kina cha sentimita 5, nafasi ya 15. Wakati wa kiangazi watavuna, na ni kazi yao wenyewe kwa mikono yao.

Siku mbili zikionekana hazitoshi, iache bustani ilivyo. Usiondoke tu kabla ya reli kufungwa, maji ya nje kukatwa na king'ora kulia.