Bagamoyo kwa siku moja: anza na maji, siyo majengo

Ndugu, umeuliza kwa nini Bagamoyo ilipokonywa makao makuu ya koloni la Wajerumani na Dar, na kama siku moja inatosha kuuona mji. Inatosha, ila kwanza angalia mwezi. Wakati wa bamvua (maji makubwa ya mwezi mchanga au mpevu) maji hupwa sana karibu saa nne asubuhi. Fika ufukweni muda huo jibu ulione mwenyewe: tope na mchanga mpaka mbali, ngalawa zimelala ubavu. Meli kubwa ilibidi itie nanga mbali, mizigo ishushwe kwa mashua. Dar ina mlango mwembamba na bandari yenye kina ndani, ndiyo maana Wajerumani walihamia huko 1891. Ukienda maji mafu (mwezi ukiwa nusu, maji yanapopwa kidogo tu) hutaona tofauti hiyo vizuri, na kila siku muda husogea kama dakika hamsini.

Kaole, kilomita 5 hivi kusini, ni somo lilelile la zamani zaidi: magofu ya misikiti, makaburi ya matumbawe, na mikoko iliyosimama palipokuwa bandari. Usiingie kwenye mikoko na kandambili, tope litazibakiza.

Gari panda kituo cha Makumbusho, Dar, mapema. Foleni ya Tegeta hadi Bunju ndiyo inayoharibu hesabu. Kaa dirishani uangalie Mapinga na Kerege: minazi na mikorosho inapisha kuta za viwanja. Soko la samaki liache la mwisho, mashua zikirudi.