Kodi Mbali, Stima Mbali

Wiki hizi wanaoniuliza zaidi kuhusu kodi ya nyumba na stima ni wenye nyumba wadogo. Wana vyumba sita na ukumbi katikati, choo na karo nyuma, labda duka moja upande wa barabara. Wenye maghorofa ya Nyali, hapa Mombasa, wana mawakili wao. Hawa wana daftari na kalamu. Nimechagua maswali yanayojirudia.

Swali: Nina nyumba ya vyumba sita Majengo, kila chumba 4,500, stima na maji ndani. Kijana wangu asema lazima nilipe ushuru kwa KRA, mamlaka ya mapato, kila mwezi. Mimi ni mjane, na mwaka huu nimebadilisha mabati yote. Kwani gharama hiyo haitolewi? – Mama, Majengo

Pole kwa kuondokewa, mama. Kijana wako hakukosea. Sita kwa 4,500 ni 27,000 kwa mwezi, yaani 324,000 kwa mwaka. Ushuru wa nyumba za kuishi humshika mkazi wa Kenya ambaye kodi anayopokea kwa mwaka imepita 288,000 na haijazidi milioni 15. Ulipoanza mwaka 2016 ulikuwa asilimia 10; tangu Januari 2024 ni 7.5. Kwa hesabu yako ni shilingi 2,025, nazo hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Mabati hayatolewi. Ushuru huu hukatwa kwenye kodi nzima, uwe umetengeneza nyumba au hukutengeneza. Mwenye gharama kubwa sana anaweza kumwandikia Kamishna wa KRA kwamba ataka kutozwa kwa njia ya kawaida, ambapo gharama huondolewa kwanza. Hapo sasa kila risiti ya misumari utatakiwa uwe nayo.

Lakini umesema stima na maji yamo ndani ya hiyo 4,500, na hilo ndilo lililonifanya nianze na barua yako. Tuseme katika kila chumba shilingi 800 ni za stima na maji, na bili unazo. Kodi hasa ni 3,700. Sita mara 3,700 mara miezi 12 ni 266,400. Umeteremka chini ya 288,000! Mapato hayo utayaeleza kwenye ritani ya mwaka, badala ya kukatwa kila mwezi. Sikwambii ufiche kitu. Nakwambia risiti inayosema "kodi 4,500" itasomwa hivyo hivyo, hata kama sehemu yake huipeleki mfukoni mwako bali unaipeleka Kenya Power. Chukua bili za mwaka mzima, nenda na kijana wako ofisi ya KRA, waonyesheni, kisha anzeni kuandika risiti mbili.

Swali: Vyumba vyangu vinane Mishomoroni vinatumia mita moja ya tokeni. Kila wiki ni ugomvi: huyu ana friji, yule ana pasi, mwingine hulala na feni mbili. Nimefunga mita ndogo na natoza 35 kwa yuniti ili nifidie hasara. Mpangaji mmoja anasema nitashtakiwa. – Baba watatu, Mishomoroni

Ndugu yangu, marehemu mama yangu alikuwa na nyumba kama hiyo. Kila mwisho wa mwezi aliketi ukumbini na bili mkononi, akigawanya kwa vichwa, na kila mwisho wa mwezi mpangaji mmoja alimnunia. Kwa hiyo naujua uchovu wako.

Kwanza, mita hiyo moja inawaumiza wote. Bei ya stima ya nyumbani imepangwa kwa ngazi. Asiyezidi yuniti 30 kwa mwezi hulipa bei ya chini kabisa, ile iliyowekewa mtu wa kipato kidogo. Kutoka 30 hadi 100 bei hupanda, na juu ya 100 hupanda tena. Kinachoangaliwa ni wastani wa miezi mitatu. Sasa mpangaji wako mwenye taa mbili, simu na feni labda hutumia yuniti 25. Angekuwa na mita yake, angelipa bei ya mnyonge. Lakini wanane kwa 25 ni yuniti 200 kwenye mita moja, na mita haijui kuwa nyuma yake wako watu wanane. Inaona mteja mmoja mkubwa. Mama muuza viazi karai analipishwa kama mwenye nyumba ya kiyoyozi, na mwizi hayuko hapo. Ni nyaya tu zilivyofungwa.

Pili, hiyo 35. Sheria ya Nishati ya 2019 inataka anayeuza umeme kwa wengine awe na leseni. Mimi naona kugawana bili kwa gharama ile ile iliyolipwa ni jambo moja, na kuweka faida juu yake ni biashara ya umeme. Mpangaji wako akilifikisha jambo hili kwa EPRA, mamlaka inayosimamia nishati, faida hiyo ndiyo utakayoulizwa. Iache leo. Ukinunua tokeni za 3,000, gawanya 3,000 kwa yuniti ulizopata. Hiyo ndiyo bei ya yuniti, na ujumbe wa tokeni ubandike ukutani kila mtu auone. Taa ya ukumbini na ya chooni ilipe wewe, kwa sababu nyumba ni yako.

Dawa yenyewe ni kila chumba kuombewa mita yake. Utalipia waya upya, na kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, si yule kijana wa mtaani anayejua kuunganisha. Nyumba za udongo na makuti tumeziona zikiungua kwa waya uliochoka. Anza na vyumba viwili mwaka huu ikiwa huna uwezo wa vyote.

Swali: Mpangaji wa chumba cha 5,000 hajalipa miezi mitatu. Nimkatie stima au ning'oe mlango? – Kisauni

Usifanye lolote kati ya hayo. Ukimkatia stima au kumng'olea mlango, kesi inageuka: yeye ndiye mdai na wewe ndiye mshtakiwa. Upangaji wa mwezi kwa mwezi huvunjwa kwa notisi ya mwezi mmoja. Iandike, ipige picha, mkabidhi mbele ya shahidi. Kwa deni lenyewe iko Sheria ya Kukamata Mali kwa Ajili ya Kodi, Sura 293, na mali hukamatwa na dalali mwenye leseni, si wewe na wapwa zako. Asipotoka notisi ikiisha, ni mahakamani.

Swali: Baba alimpa mtu duka letu la Kongowea kwa maneno tu, miaka saba iliyopita. Sasa namtaka atoke ili mwanangu afungue biashara. Nimempa wiki mbili. – Kongowea

Wiki mbili hazitoshi. Wengi huona mkataba wa mdomo ni mwepesi kuvunja. Kwa duka ni kinyume. Sheria ya Sura 301, ile ya wapangaji wa maduka, inamlinda mpangaji wa biashara asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka mitano. Notisi lazima iwe kwenye fomu iliyowekwa na sheria, itaje sababu, na ianze kufanya kazi si chini ya miezi miwili baadaye. Naye ana haki ya kupeleka pingamizi kwenye Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara kabla muda haujaisha, na akifanya hivyo atabaki dukani mpaka baraza liamue.

Tena angalia sababu yako. Sheria inakubali mwenye nyumba akilitaka duka alitumie mwenyewe kwa mwaka mmoja au zaidi. Wewe umeandika "mwanangu". Wakili wa upande wa pili atalishika neno hilo. Hata kupandisha kodi ya duka kwafuata njia hiyo hiyo ya fomu na miezi miwili.

Swali: Nikiweka sola kwenye paa langu la Tudor, naweza kuwauzia wapangaji? Na ziada je? – Tudor

Kuuza ni leseni, kama nilivyomjibu wa Mishomoroni. Kutumia sola kwa taa za ukumbi na pampu ya kisima hakuna ubaya, na kwa nyumba nyingi ndipo penye nafuu. Ziada inaweza kurudishwa kwenye gridi chini ya kanuni za 2024, ila hulipwi pesa: unarudishiwa nusu ya yuniti ulizotoa. Mwenzako wa Mji wa Kale aliyeuliza hayo hayo, eneo lile limehifadhiwa. Pitia Makumbusho ya Taifa kabla hujapandisha fundi juu.

Swali: Kaka yangu amepangisha nyumba Leicester. Asema huko bila cheti cha nishati hupangishi, na kumtoa mpangaji bila sababu kumepigwa marufuku. Yatatufikia? – Mikindani

Kaka yako asema kweli. England na Wales, tangu Aprili 2020, nyumba ya kupanga lazima ifike daraja E kwenye cheti hicho, kinachopima nyumba inavyotumia nishati kwa ngazi ya A hadi G, isipokuwa iliyosamehewa. Na kwa England, sheria ya 2025 inaondoa notisi isiyo na sababu kuanzia Mei 1, 2026.

Mwenye chumba Mikindani hadaiwi cheti kama hicho. Wao wanazuia baridi, sisi twapigana na joto. Lakini swali lako limenigusa. Wazee walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe, wakaezeka makuti, upepo ukapita ukumbini mpaka uani. Sisi tumeweka mabati bila dari, tukaziba madirisha ili tupate chumba cha saba. Mpangaji analala na feni mpaka alfajiri, tokeni zinaisha tarehe 20, na kodi inachelewa. Weka dari. Fungua tundu juu ya ukuta.

Swali: Mzee mmoja yuko chumbani kwetu tangu enzi za babu, analipa 2,000. Nataka 4,000 kuanzia mwezi ujao. Nasikia sheria mpya imefuta vizuizi. – Mji wa Kale

Ulichosikia ni Muswada wa Wenye Nyumba na Wapangaji wa 2021, uliotaka kuziunganisha sheria tatu za zamani. Muswada si sheria. Kinachokushika ni Sura 296, sheria ya kudhibiti kodi, na hiyo inalinda nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya kisheria haizidi 2,500 kwa mwezi. Kodi hiyo huhesabiwa kwa ile iliyokuwa ikilipwa tarehe 1 Januari 1981 ikiwa chumba kilikuwa na mpangaji, la sivyo Baraza la Kodi la nyumba za kuishi, si lile la maduka, ndilo hupima. Huwezi kuipandisha kwa kauli yako, wala kumtoa mzee bila idhini ya baraza hilo. Umetengeneza choo, umeweka maji, umevuta stima? Kusanya risiti uzipeleke huko. Na stima ikiwa imo ndani ya hiyo 2,000, muombee mzee mita yake. Hilo laweza kufanyika bila kesi.