Uchovu wa kemo unanimaliza, nifanyeje?

SWALI: Shangazi shikamoo. Mi nina kansa ya matiti, nimeshapata kemo (zile dawa kali za kuua kansa) ya tatu, shida yangu ni uchovu, nalala usiku kucha naamka kama nilibeba magunia, na nyumbani wananiambia tulia tu kitandani usiguse kitu. Ni sawa kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Huo uchovu sio uvivu, na usingizi peke yake hauumalizi. Ila kulala kutwa nzima kunauzidisha, misuli inalegea afu unazidi kuchoka, kwa hiyo daktari akikuruhusu anza kutembea hata dakika 10 kwa siku, uongeze kidogo kidogo. Chukua daftari uandike saa ngapi una nguvu na saa ngapi unaishiwa, baada ya wiki utaona mwenyewe, yale unayoyapenda yaweke kwenye zile saa nzuri, vyombo waoshe wengine (hapo waache wakudekeze!). Hilo daftari nenda nalo kliniki, na uliza kama damu imepungua maana hiyo nayo inachosha na inatibika.

Kitu kimoja usikifanyie mchezo, nunua kipimajoto. Homa ikifika 38 ukiwa kwenye kemo usimeze dawa ya kushusha homa ukasubiri kukuche, nenda hospitali saa hiyohiyo hata iwe usiku wa manane, kinga yako inaweza kuwa chini sana.

Na hao wa nyumbani waambie wazi unataka wakusaidie nini, hawawezi kuotea.