Vidole vyangu na vya mwenzangu havikubaliani

SWALI: Shikamoo. Ni mtaalamu wa fiziotherapia, nina miaka miwili kazini hapa Dodoma, na nimesoma kozi fupi ya osteopathia, yaani tiba ya mikono ya mifupa na misuli. Tulifundishwa kupapasa uti wa mgongo hadi kuitambua pingili iliyokwama. Nikipapasa mimi naipata ya nne ya kiuno, mwenzangu anasema ya tatu, na siku nyingine hatuhisi kitu. Niufundishe vipi mkono? Sasa nina mgonjwa mfugaji wa Bahi, miaka 46, mgongo unamuuma miezi 2. Nimemkanda mara 4, hana nafuu.

JIBU: Marahaba. Nitaanza na vidole, ila mgonjwa wako ndiye aliyenifanya nikujibu leo leo.

Kupishana kwenu si uzembe. Wataalamu wazoefu wameshapimwa mara nyingi kwa kupewa mgonjwa yuleyule, na kwenye kuhisi pingili ipi inacheza na ipi imekaza, makubaliano yao huwa madogo. Huelewana zaidi pale mgonjwa mwenyewe anaposema panauma. Ndiyo maana mimi siandiki kwenye faili "pingili imekwama". Naandika "kubonyeza hapa kumerudisha maumivu yake yaleyale". Hilo neno "yaleyale" lishike sana. Mgongo wowote ukiubonyeza vya kutosha utauma, kwa hiyo kila unapobonyeza muulize: haya ndiyo yaliyokuleta?

Kuhusu ya tatu na ya nne, nadhani najua mnapopishania. Tumezoea kuweka viganja juu ya kingo za nyonga na kukutanisha madole gumba katikati, tukisema hapo ni ya nne. Kwenye eksirei mstari huo kweli hupita kwenye ya nne, au kati ya nne na tano. Lakini mkono wako umekaa juu ya ngozi na mafuta, hivyo mara nyingi mstari unapanda hadi ya tatu bila wewe kujua. Mlaze kifudifudi, mto chini ya tumbo. Sukuma nyama kwa ndani na chini kwa upande wa kidole cha shahada mpaka uguse mfupa wenyewe. Kisha hesabu upya ukianzia chini kupanda. Majibu yakitofautiana, andika "ya tatu au ya nne".

Nguvu ya kubonyeza nayo inafundishika. Weka mizani ya jikoni mezani, bonyeza kwa dole gumba mpaka isome kilo 4. Utaona ukucha umekuwa mweupe. Rudia macho yamefumbwa mpaka uipate bila kuangalia. Kwa wepesi wa kuhisi, weka unywele mmoja chini ya karatasi, uufuate kwa ncha ya kidole, halafu ongeza karatasi moja moja.

Sasa mfugaji wako. Miezi 2, umemkanda mara 4, hakuna kilichobadilika. Muulize homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, kikohozi. Muulize kama anakunywa maziwa bila kuchemsha, au amezalisha ng'ombe kwa mikono mitupu. Huku kwetu kwenye mifugo, brusela, ugonjwa unaotoka kwa wanyama, inaweza kuja ikiwa imevaa sura ya maumivu ya kiuno, hasa kiuno chenyewe na kiungo kinachounganisha nyonga na uti wa mgongo. Kifua kikuu cha mgongo hupenda zaidi chini ya kifua na mwanzo wa kiuno.

Mvue shati kabisa, mketishe ukingoni mwa kitanda, ainame kidogo. Pitisha kiganja polepole kutoka shingoni kushuka. Unatafuta kijibonge kimoja kilichochomoza, mwanzo wa kibiongo cha kifua kikuu cha mgongo, ambacho Percivall Pott, daktari mpasuaji wa London, alikieleza mwaka 1779. Kisha gonga kila pingili taratibu kwa pembeni ya ngumi. Mimi niliwahi kumkosa mgonjwa hapa. Alikuwa mkulima wa zabibu, nikamtibu wiki 3 kama mgongo wa kuinama shambani, kila mara amelala, shati limepandishwa nusu. Siku niliyomketisha bila shati, kijibonge kilionekana hata kabla sijamgusa. Bado naukumbuka mgongo ule.

Malizia na miguu. Gonga goti na kano ya kisigino kwa nyundo, linganisha kulia na kushoto. Mwambie akunje kidole gumba cha mguu kuja juu huku ukikizuia. Akisema sehemu za siri zimekufa ganzi, au mkojo hautoki au unamtoka wenyewe, aende hospitali siku hiyohiyo.

Mpaka apimwe, usimkande wala kumnyonga mgongo tena. Barua ya rufaa iseme ni mfugaji, maumivu yamedumu miezi mingapi, homa ipo au haipo, na pingili ipi ilirudisha maumivu ulipoigonga. Omba kipimo cha damu cha brusela, makohozi kama anakohoa, na picha ya mgongo. Ongeza sentensi moja kwamba eksirei ikiwa safi wasimruhusu hapohapo, kwa sababu wiki za mwanzo ugonjwa unaweza usionekane humo. Mwambie pia kwamba ikiwa ni kifua kikuu, dawa zake hutolewa bure. Na chukua namba yake ya simu. Kutoka Bahi kuna nauli, na kuna ng'ombe wa kuachiwa mtu, kwa hiyo keshokutwa mpigie ujue kama amefika.