Mwanangu, nani atakuitikia?

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unauliza kama ulipie darasa la Kijapani la kwenye intaneti, au uendelee mwenyewe na programu za bure za simu, jioni ukishatoka kazini. Habari ya pesa ni yako, mfuko ni wako. Mimi nimeusoma mpango wako wote nikitafuta kitu kingine: ni nani atakayekuitikia? Maneno ya kukariri yamo, kanji, zile herufi zenye asili ya Kichina, zimo, mtihani wa Kijapani wa JLPT wa Desemba, ngazi ya N4, ya pili kutoka chini, umo. Mtu hayumo.

Lugha ya kuzungumza hujifunzwa kwa mdomo. Umenisikia nikisema hivyo tangu dada yako aolewe na Mjapani, na leo nasema tena.

Baba yako unajua alivyoanza. Alikuwa ameapa kwamba hatamfanya dada yako mkalimani wa kudumu kati yake na wakwe. Akaanza na masomo ya NHK WORLD-JAPAN, shirika la utangazaji la Japani, yale yanayoelezwa kwa Kiswahili, akiyarudia kwa sauti hadi nyumba nzima tukayajua. Matamshi hayakumsumbua sana. Kijapani kina irabu tano kama sisi, na silabi zake nyingi huishia kwenye irabu, kwa hiyo ulimi wetu hauoni ugeni mkubwa. Kilichomtoa jasho ni kuvuta sauti: obasan ni shangazi, obaasan ni bibi, na ukikosea unamzeesha mwanamke wa watu. Tena kitenzi hukaa mwisho, na ukanushaji uko humohumo kwenye kitenzi. Ilimbidi avumilie sentensi nzima ndipo ajue kama mtu amekubali au amekataa.

Kisha akalipia mwalimu. Hapo, mwanangu, bado pananiuma. Mwalimu yule alimpa mazoezi ya kujaza nafasi, kipindi baada ya kipindi, yeye akiongea na baba yako akiandika. Siku baba yako alipoomba waache karatasi wazungumze tu, hata kuhusu mvua, alijibiwa kwamba mtu wa umri wake atosheke na kusoma. Nilikuwa nimekaa pembeni, nikasikia. Baba yako alishukuru kwa heshima zote, akafunga kompyuta, wala hakulizungumzia neno lile tena. Mimi sijalisahau. Mtu amekuja kujifunza kusema, unamnyamazisha, na malipo unapokea!

Lakini umkumbuke pia siku ya simu ya video na mama mkwe wa dada yako kule Osaka. Mwanzoni yule bibi alikuwa akisimama katikati ya maneno na kuuliza kama anasikika, kwa sababu baba yako alikaa kimya akitafuta maneno kichwani. Wajapani humwitikia anayesema wakati bado anasema; hai, un, sō desu ne, yaani ndiyo, ee, ni kweli, hivyo hivyo mfululizo, na kwenye simu ukinyamaza wanadhani mtandao umekatika. Dada yako akamnong'oneza. Baba yako akaanza kuitikia, na bibi akafunguka kama bomba! Alikuwa na Kijapani chake cha Kansai, lahaja ya upande huo wa Osaka, chenye maneno ambayo somo lolote la wanaoanza halikuwa limemfundisha baba yako, naye akamjibu kwa zile -masu zake, miisho ya vitenzi ya adabu, polepole. Waliongea kuhusu mvua. Mvua ileile aliyonyimwa darasani! Yule bibi alicheka kwa furaha hadi akafuta macho, nami nikatoka chumbani ili nisilie mbele za watu.

Sasa najibishana mwenyewe. Utasema, mama, baba asingekuwa na la kumwambia bibi kama asingekaa peke yake na zile sauti miezi yote. Ni kweli. Mdomo mtupu hauna cha kutoa. Jifunze hiragana na katakana, miandiko miwili ya silabi ya Kijapani, herufi 46 za msingi kila mmoja, ili usitegemee Kijapani kilichoandikwa kwa alfabeti yetu. Masomo ya Irodori ya Japan Foundation, taasisi ya Japani ya utamaduni na lugha, ni ya bure, yana sauti, na yanakwenda na mambo ya maisha ya kila siku; rudia nyuma ya msemaji papo hapo, jirekodi, ujisikilize. Hizo kanji 2,136 za matumizi ya kawaida zinazokutisha zinaweza kungoja. Hata zile saa 2,200 za darasa ulizoniandikia ni makadirio ya Marekani kwa wanadiplomasia wao, wasemaji wa Kiingereza wanaotakiwa kufanya kazi kwa Kijapani. Wewe unataka kuongea na shemeji yako na mama yake.

Na huo mtihani, sikukatazi. Ila ujue kwamba umekuwapo tangu 1984 na hauna sehemu ya kuzungumza. Unapima msamiati, sarufi, kusoma na kusikiliza. Mtu anaweza kuufaulu bila kufungua kinywa. Kwa hiyo cheti chake kisikupumbaze, maana lugha ya kuzungumza... haya, unajua ninavyomalizia.

Ulipe au usilipe? Ninajizuia kalamu. Kulipa kunakupa mtu anayekungoja saa fulani, na wewe tangu utoto hukupenda kumchelewesha mtu. Upande wa pili, Chuo Kikuu cha Osaka kinafundisha Kiswahili. Maana yake wapo Wajapani wanaotafuta wa kuzungumza nao kama wewe unavyotafuta, nusu saa Kiswahili, nusu saa Kijapani, bila malipo. Ningekuwa wewe ninge... hapana, wewe ni mtu mzima, sikuamulii. Ila ukimlipa mwalimu, kipindi cha kwanza mwombe mzungumze kuhusu mvua. Akikupa karatasi ya kujaza, toka.

Ukishapanga siku na saa, niandikie. Japani hawasogezi saa zao kwa misimu, kwa hiyo ukijua tofauti yao na hapo ulipo haitakusumbua. Nami nitajua jioni ipi nisikupigie simu.

Mama yako